Uso Uliotoka kwenye Shaba

Likasi, Jumapili baada ya misa

Dada yangu mkubwa, Yaya mpendwa Danielle,

Nakusalimu kwa moyo unaorukaruka. Mgongo wako umetulia? Watoto wanakula vizuri? Sisi hapa wazima, na Arsène amesema nikuandikie kwamba mimi ndiye ua la nyumba yake. Yaya, mwanaume huyu ananipashia maji ya kuoga huku akiniimbia, mpaka majirani wanacheka.

Lakini katika furaha hii nakosa pa kupumulia. Mamamkwe anasema bibi arusi akilia, anabomoa ndoa. Basi nacheka sebuleni, nacheka jikoni, nacheka hata nikimkumbuka kaka yetu Jimmy chini ya ule udongo wa machimbo ya Kamatanda.

Ndiyo sababu nimejiunga na akina mama wa parokia wanaogonga shaba. Kila mmoja anatengeneza uso wa marehemu wake: unagonga bamba kwa nyuma, kisha unaligeuza uone kilichotokea mbele. Nyundo zikilia pamoja, unaweza kulia nazo na hakuna atakayekusikia. Nimelia pale kuliko nilivyolia matangani, na usingizi umeanza kunirudia.

Juzi niligeuza bamba langu. Mama Gertrude, anayetufundisha, akauliza mbona marehemu huyu anafanana na yule anayenisubiri nje. Tina, mmoja wa wenzangu pale, akanitania kwamba nimemzika bwana kabla hajamaliza kunizoea. Wakacheka, nami nikacheka, kisha nikaliangalia tena bamba. Nilikuwa nimegonga uso wa Arsène. Nikataka kuusawazisha; Mama Gertrude akashika nyundo, akasema kwanza niwaeleze. Niliwaeleza, na sasa nakueleza wewe.

Hukuniuliza nilijuana naye wapi, nami nilinyamaza. Yaya, tulijuana matangani. Shimo lilipomwangukia Jimmy, Arsène ndiye aliyemfukua kwa mikono yake. Alikuja kuniomba msamaha kwa kuchelewa, vidole vimefungwa vitambaa, nikampenda pale pale, maiti ikiwa bado ndani. Kaka yetu angekuwa hai, nisingeolewa. Kila Arsène akinikumbatia, naona kama nashukuru kifo.

Akina mama hawakunihukumu. Wamenishauri nimgonge Jimmy kando yake, kwenye bamba hilohilo. Nafasi ipo, bado laini, lakini kidevu chake kimenipotea. Wewe ndiye uliyembeba mgongoni. Njoo unionyeshe, hata kama hutamsalimu bwana wangu.

Wabusu watoto, na shemeji mpe heshima zangu.

Mdogo wako anayekupenda,
Marlène