Mlio wa breki

Ilembo, Jumanne, mwezi wa nane 1996. Jua kali, moshi wa nyasi zinazochomwa.

Nisamehe, daftari. Tangu baba Kabula aende Kapalamsenga, kule ziwani, kwenye dagaa sijakuandika. Miezi miwili, na yeye hajaniletea hata salamu. Nachoka. Mtoto, shamba, mtoto.

Leo nilitoka mashineni kusaga. Debe la unga kwenye keria, Kabula mgongoni. Pale mteremko unapoanza nikabana breki.

Baiskeli ikanyamaza.

Siku zote inapiga kelele mpaka watu wanapisha. Leo kimya kabisa, na mbio zinaongezeka. Nikateremsha mguu, kandambili ikachomoka, nikaurudisha haraka. Chini kabisa kuna daraja la magogo, halina kingo. Nilisema tu, "Kabula, nishike."

Halafu tukapunguza. Taratibu, kama mtu anavyovuta ng'ombe kwa kamba. Tukasimama katikati ya mteremko.

Kabula akacheka, "Baba kashika."

Nikageuka. Hakuna mtu.

Darasa la sita mwalimu alitufundisha msuguano. Kinachokwenda kitaendelea kwenda mpaka kitu kikizuie; hakuna kinachosimama chenyewe. Nikatafuta mchanga, jiwe, chochote. Udongo mgumu, vumbi jembamba juu yake. Pembeni ya alama ya tairi kulikuwa na mburuzo mrefu wa kiatu, na meno ya tairi la gari ndani yake.

Baba Kabula hafungi breki kwa mkono kama sisi. Anaburuza mguu wa kushoto na makatambuga yake ya tairi la gari. Nimemgombeza mara ngapi kwamba atavunjika.

Mguu wangu ulikuwa peku. Unyayo hauna hata mkwaruzo.

Nyumbani nikashika rimu, vidole vikawa vyekundu.

"Mayu, nani kapaka mawese hapa?"

"Mie," mama mkwe akasema. "Inalia kama mbuzi anachinjwa, mjukuu wangu anashtuka."

"Ule mlio ndio breki yenyewe, Mayu. Ukiupaka mafuta tunakufa."

Nikamwambia kwa upole, lakini nikamwambia: baiskeli asiiguse tena. Habari ya mburuzo sikumwambia. Ni mwanawe.

Nimeosha rimu kwa majivu na sabuni mara tatu. Inalia tena. Kabula kalala vizuri tu.

Mimi ndiye ninayesikiliza.

Alhamisi kuna jirani anakwenda ziwani kununua dagaa. Nitampa barua ampelekee baba Kabula, na orodha ndani yake asisahau:

Raba za breki, jozi mbili.
Spoku tatu za gurudumu la nyuma.
Kandambili, saizi yangu anaijua.
Dagaa kidogo za Mayu.
Na mstari mmoja kwa mkono wake mwenyewe, aniambie yuko salama, na katambuga la kushoto bado analo.