King'ora Kinalia, Wao Wanatembea

Bi Hellevi mpendwa, nasoma majibu yako gazetini kila wiki, nami leo nakuomba ushauri: unisikilize mpaka mwisho ndipo unikemee, maana sili, silali, na mume wangu amechoka kusikia habari hizi.

Mimi ni mkuu wa jengo moja katika gereza la huku Savo, mashariki ya Ufini, na mwaka juzi makao makuu walinikabidhi kazi ya kubadilisha utamaduni wa jengo letu, yaani askari waache kuwafokea wafungwa, wagonge mlango wa selo kabla ya kuufungua, wakae nao meza moja wakati wa kahawa, nami nikaikubali kwa moyo wote kwa sababu nimeona wanaume wengi wakitoka kwetu wabaya kuliko walivyoingia. Nikabandika mabango, nikaendesha semina, askari wakaitikia kwa vichwa, wakanywa kahawa, wakala maandazi ya iliki, wakarudi kufanya yale yale, isipokuwa Tarmo, ambaye zamani alikuwa dereva wa lori la maziwa na ameingia kazi hii akiwa mtu mzima.

Tarmo akawa anagonga milango. Wenzake wakaanza kumwita mhudumu wa hoteli, wakamuuliza kama wageni wake wanataka mayai ya kukaanga au ya kuchemsha, naye akacheka nao, kisha mzaha ukaisha wakanyamaza. Sasa wewe Bi Hellevi ni wa huku, unajua sisi Wafini tulivyo, tunaweza kukaa meza moja mchana kutwa bila neno na tukaachana tumefurahi, kwa hiyo nilipoona chumba cha mapumziko kimetulia nikadhani ni amani, hata nikawaarifu makao makuu kwamba mambo yanakwenda vizuri, kumbe walikuwa wamemsusa. Tangu theluji ya kwanza hakuna aliyemsemesha, na kikombe chake walikiondoa kwenye kulabu za askari wakakipeleka jikoni kwa wafungwa.

Alhamisi iliyopita, watu wakila supu ya njegere, mfungwa mmoja aliyevurugwa na vidonge alimkaba Tarmo koo kwenye korido. Tarmo akabonyeza kitufe cha hatari, king'ora kikalia jengo zima. Katika kazi yetu king'ora kikilia unakimbia, huulizi ni nani aliyebonyeza, hata kama mtu huyo jana alikuibia mke. Mimi nilikuwa nimefuata ufunguo chumba cha kamera, nikaona yote kwenye skrini. Walitembea, Bi Hellevi. Reijo, aliyenifundisha kazi hii na ambaye ndiye baba wa ubatizo wa binti yangu, alipitia kwanza kwenye sinki, akasuuza kikombe chake, akakikung'uta maji, akakitundika, ndipo akatoka, na wengine wakamfuata taratibu kama watu wanaokwenda kupanga foleni. Aliyekimbia ni Vesa, mfungwa wa zamu ya jikoni, yeye ndiye aliyemng'oa yule mtu shingoni mwa Tarmo, na kwa kuwa alitoka jikoni bila ruhusa ilibidi nimfutie safari yake ya kwenda kuwaona watoto wake, kanuni ni kanuni.

Tarmo yuko hai, shingo imefungwa na sauti imekauka. Reijo amemwambia mkuu wa gereza kwamba walifika haraka walivyoweza. Nilimfuata nikamuuliza, akanijibu bila hata kuinua macho, "Si alitaka wafungwa wawe rafiki zake? Tuliwapisha."

Na makao makuu, sikia hili, wamempangia Tarmo semina ya ustahimilivu. Mtu amekabwa na mfungwa, wenzake wamemtazama, halafu yeye ndiye wa kufundishwa kupumua. Nina hasira. Jumatatu mkuu wa gereza ataniita aniulize nilichoona. Nikisema, Reijo atafukuzwa naye anakaribia kustaafu, jengo zima litanigeuka, na mabadiliko niliyoyahangaikia yatakufa. Nikinyamaza, Tarmo atarudi zamu na watu wale wale, na king'ora kikilia tena sijui kama atapona. Nifanye nini?

Marjukka (si jina langu la kweli)

*

Marjukka,

Pole. Sasa pole imekwisha, tuongee.

Unaniuliza useme au unyamaze. Hilo si swali la kumwandikia mtu gazetini. Mtu anakabwa, mwenzake anaosha kikombe. Utasema, utamtaja kwa jina, na usianze kwa kueleza alivyokuwa mwalimu mzuri. Ubatizo wa binti yako haumhusu mkuu wa gereza. Reijo akitaka kuendelea kumletea mtoto zawadi ya Krismasi, alete.

Unasema mabadiliko yatakufa. Mabadiliko yapi, mama? Ulikuwa na mtu mmoja aliyekusikiliza, ukamwacha apigwe baridi peke yake. Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya pili nimesimama kwa hasira, sijaona popote ulipokaa ukanywa kahawa na Tarmo. Nimeona mabango tu.

Na usinichezee habari ya ukimya wetu. Mimi nami ni wa huku. Mtu tunayempenda hatumsemeshi, lakini kahawa tunammiminia. Ungetazama meza ile siku moja tu, ungejua kama kuna anayemmiminia Tarmo.

Halafu Vesa. Umemtaja juu juu, kama mtu anayesema nje kuna mawingu. Ndani ya jengo zima, mtu mmoja tu alifanya uliyoyahubiri kwenye semina zako, nawe ukamwadhibu. Wafungwa wameona, askari wameona. Wote sasa wanajua kwamba kwako, ukimwona mtu anakabwa, unatulia jikoni. Reijo hakukuharibia kazi kiasi hicho.

Fanya hivi. Usingoje Jumatatu. Leo hii mrudishie Vesa safari yake, nenda mwenyewe, gonga mlango wake, umwambie ulikosea. Ukitoka hapo mpigie mkuu wa gereza, mweleze ulichoona, na udai picha za kamera zihifadhiwe. Tarmo asipangwe zamu na watu hao mpaka uchunguzi uishe, na watakaohamishwa ni wao, si yeye. Hiyo semina ya ustahimilivu waambie makao makuu Tarmo haihitaji: amestahimili majira yote ya baridi bila salamu ya mtu na bado alikuwa anagonga milango. Kama wana hamu ya kufundisha, waanze na wale waliotembea.

Watakususa, ndiyo. Sikufichi. Kaa na Tarmo, mtakuwa wawili, na hapo ndipo kazi uliyopewa mwaka juzi itakapoanza.

La mwisho hukuniuliza, lakini nakuambia. King'ora kinalia, mwenzako anakabwa, nawe uko chumba cha kamera ukihesabu nani anatembea. Miguu yako wewe ilikuwa wapi? Kikilia tena, sitaki uniandikie ulichoona. Kimbia.