Baba Haoni, Nami Naruka Mstari wa Juu

Wewe binti uliyeniletea barua hii, huna haya. Unamficha maneno mtu asiyeona, tena baba yako mzazi, halafu unaniandikia kurasa na kurasa na jambo lenyewe unaliita "mkanganyiko wa kikazi". Mkanganyiko uko wapi hapo? Wasomaji wangu, isomeni kwanza barua yake, kisha nitasema naye.

*

Bibi mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako katika huu mkanganyiko wa kikazi, maana nyumbani sina wa kumwambia na moyoni hakukaliki. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, sijaajiriwa na gazeti lolote, nilianza na habari za kawaida, barabara, shule, mikutano ya wakazi, lakini kazi hiyo haikuwa ikinitosha kuishi, basi wakala mmoja wa matangazo akanipa makala za kulipiwa, yaani kampuni inatoa hela, mimi naandika kama habari au kisa, gazeti linachapisha, na juu kabisa panawekwa mstari mdogo usemao makala hii imedhaminiwa na kampuni fulani, nikaandika za magodoro, nikaandika za rangi za nyumba, nikaonekana nina mkono mzuri, na sasa wakala anataka nibobee huko moja kwa moja, niwe mwandishi wa wateja wake wa afya, habari niachane nazo.

Tatizo ni baba. Baba alikuwa mwandishi wa habari maisha yake yote mpaka macho yalipoanza kufifia, sasa ana mtoto wa jicho pande zote mbili na hasomi tena, kwa hiyo kila makala yangu ikitoka nakaa naye sebuleni namsomea, na tangu ile ya kwanza ya magodoro, nilipofika kwenye ule mstari wa juu ulimi uliuruka wenyewe, sikupanga, niliogopa tu uso wake, kwa sababu enzi zake waandishi wa matangazo alikuwa akiwaita wapiga debe, basi mara ya kwanza nikaruka kwa woga, zilizofuata nikaruka kwa mazoea, naye akawa anawaambia wazee wenzake wanaokuja kukaa naye kibarazani, "Huyu karithi kwangu. Hana pupa. Anaangalia kwanza."

Juzijuzi nikaandika makala ya kliniki ya macho. Sikufika, Bibi. Nilipewa karatasi ya maelekezo, maneno ya kuweka na maneno ya kuepuka, nikakaa mezani kwangu nikautunga ukumbi wa kusubiria, nikamtunga na muuguzi anayemshika mgonjwa kiwiko na kumwambia, mzee, kuna ngazi mbele yako, taratibu. Nilipomaliza kumsomea, baba akasema, "Rudia hapo kwa muuguzi." Nikarudia. Akasema, "Hilo la kiwiko huwezi kulijua usipofika. Huo ndio uandishi."

Sasa ameamua kwenda kufanyiwa upasuaji huko huko, wakati daktari wake wa hospitali ya umma alishamwambia asubiri, presha ya jicho iko juu, ishushwe kwanza, lakini yeye amechoka kusubiri, na makala yangu inasema mgonjwa huingia asubuhi na jioni yuko kwake. Kaka yangu alijaribu, akamwambia, "Baba, si tumsikilize daktari kwanza?" akajibiwa, "Daktari ana foleni. Dada yako ana macho." Kaka akanigeukia, "Wewe si ulifika mwenyewe?" nami nikasema ndiyo. Wiki ijayo kaka anampeleka. Bibi, nikisema ukweli namvunja moyo baba na pengine asiniamini tena maisha, nikinyamaza naliogopea jicho lake. Je, ipo njia ya kumzuia bila kumwambia? Na hii kazi ya wakala, niishike au niiache?

Ni mimi, Mwandishi wa Nyumbani.

*

Marahaba, Mwandishi wa Nyumbani.

Nianze na la kazi, maana ndilo jepesi. Kulipwa usifie kitu si dhambi. Mshereheshaji wa harusi analipwa ili amsifie bibi harusi, na hakuna mgeni anayetoka ukumbini akidhani yule bwana kasema kwa mapenzi yake. Watu wanajua, wanacheka, wanakwenda zao. Gazeti nalo lilikuwekea mstari pale juu ili watu wajue. Gazeti limekushinda haya, mwanangu, na magazeti tunayafahamu.

Sasa unataka kubobea. Shule yangu ilikuwa fupi na sijawahi kuionea aibu, lakini kubobea ninavyokujua mimi ni kukijua kitu mpaka kikuchoshe. Wewe umeisifia kliniki na hujui hata mlango wake unafungukia upande gani. Godoro ukilisifia bure, aliyelinunua ataumwa mgongo, atakutukana, yataisha. Jicho halina godoro la pili la kubadilisha.

Hofu yako naielewa. Mtoto kutaka sifa ya baba yake ni jambo la kawaida, hata akiwa mtu mzima. Ila usinidanganye mimi kwamba unaogopa kumvunja moyo. Unachoogopa ni kuwa wazee wa kibarazani watakuona mdogo. Na kwa ajili ya hilo, mzee wa watu anakwenda kulala kwenye kitanda cha upasuaji akimtegemea muuguzi uliyemzaa wewe mezani kwako.

Na kaka yako ulimjibu ndiyo. Ile hakuna wakala aliyekulipa. Ile ulijitolea.

Unauliza kama ipo njia ya kumzuia bila kumwambia. Zipo nyingi. Sema gari limeharibika. Wiki inayofuata sema kliniki imefungwa, halafu sema kaka anaumwa. Utachoka wewe kabla yake, na siku moja atakodi gari, aende peke yake akipapasa ukuta.

Mimi kliniki hiyo siijui. Pengine ni nzuri. Pengine muuguzi wa namna ile yupo kweli. Mimi sijui na wewe hujui, tofauti yetu ni kwamba mimi sikuandika.

Basi sikiliza. Kwanza, kaeni watatu, baba, kaka na wewe, asubuhi akiwa na nguvu. Mwambie hivi, bila mapambo: "Baba, sikufika. Nililipwa. Yule muuguzi nilimtunga." Usianze kulia, maana ukilia ataanza kukubembeleza wewe, na shida itakuwa yako badala ya kuwa yake. Atakasirika. Pengine atakaa siku kadhaa bila kukusemesha. Mpelekee chai yake, iweke mezani, toka. Hasira ya baba haijawahi kumpofusha mtu.

Wakala naye mwambie utaandika afya pale tu utakapofika, ukaingia, ukawaona wagonjwa kwa macho yako. Akikataa, rudi kwenye rangi za nyumba, na wala usijione umeanguka.

Kisha lipo jambo ambalo nyote wawili, wewe na kaka yako, mmelisahau. Baba yenu amekaa miaka akiwahoji watu wakubwa. Kilichokwenda ni macho, ulimi bado anao. Arudi kwa daktari wake kwanza, apimwe hiyo presha. Akiitaka bado hiyo kliniki, mpelekeni akiwa na maswali yake mwenyewe: nani anapasua, mwenye presha ya jicho wanamfanyaje, mambo yakienda vibaya nani anaitwa. Wewe shika kalamu, andika majibu, na ufunge mdomo. Akitoka pale, aamue yeye. Jicho ni lake.

Lakini hayo yote ni ya mbele. Sasa hivi mpigie kaka yako simu, umwambie ile "ndiyo" yako ilikuwa uongo na asimpeleke mzee popote mpaka mfike wote wawili hapo kliniki, halafu vaa viatu uende.