Tulivyopunga Kanga Uwanja wa Ndege

Jumapili, Singida. Upepo wa mwezi wa saba haujatulia tangu asubuhi, vumbi limeingia hadi kwenye chai. Hata chai yenyewe sina hamu nayo.

Nimemkumbuka baba.

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na kila mwenye mtaji akakimbilia dhahabu. Baba alimwachia mama duka letu la vitambaa, akahamia Mwanza, akaoa huko. Kwetu zikawa zinafika salamu tu.

Ndege zilikuwa nadra hapa. Uwanja wenyewe ulikuwa ardhi ngumu, safi, kwa hiyo wakati wa mavuno watu walianika alizeti hapo. Siku hiyo mimi na mama tulikuwa tunageuza ya kwetu, mara kindege kidogo kikatokea juu bila taarifa. Wanawake wote wakavua kanga za mabegani wakapunga: usishuke, ngoja tuondoe! Rubani akashuka.

Alipoona alizeti akakwepa, gurudumu likaingia mtaroni, pua ikachimba ardhi. Vumbi lilipopungua mlango ukafunguka. Akatoka rubani, nyuma yake baba, koti limejaa vumbi, hana hata mchubuko. Alikuwa anakwenda kutazama dhahabu kwenye mgodi wa Sekenke, mkoani kwetu.

"Niliwaona mnapunga kanga," alisema, "nikamwambia rubani shuka, watu wangu wananipokea."

"Tulikuwa tunakufukuza!" mama alijibu, anacheka huku analia.

Nilimwamkia shikamoo, nikasahau kuuachia mkono wake.

Pangaboi la ndege lilipinda, likaagizwa jingine Dar. Baba angeweza kupanda basi akaenda zake, ila alidai si adabu kumwacha rubani mgeni peke yake. Mama alichinja kuku wa sadaka, majirani wakaja kusoma dua. Jioni baba alikaa dukani kama zamani, ananisikiliza nikisoma Kurani. Sioni haya kusema: ajali ile ndiyo furaha kubwa ya utoto wangu. Kila usiku niliomba lori lililobeba pangaboi liharibike njiani, na spea yake ikosekane.

Lori likafika.

Siku ya kuondoka nilichukua kanga ya mama, nikakimbia kando ya ndege nikiipunga kwa nguvu zangu zote. Usiende, baba. Shuka. Nilimwona dirishani, anatabasamu, naye ananipungia mkono.

Hakurudi tena kuishi nasi.

Leo ndugu yangu wa Mwanza, mtoto wa mama mdogo aliyeolewa na baba huko, amenipigia. Anasema mzee hatoki kitandani sasa, na anapenda kuhadithia jinsi binti yake wa Singida alivyomuaga vizuri kwa kanga.

Kesho napanda basi. Nikifika nitamwamkia, nitamshika mkono, kisha nitamwambia kwa mdomo wangu: baba, siku ile sikuwa nakuaga.