Tonge Nililommegea Mama Akinyi

Baba, salamu nyingi kutoka Kibera. Huku mvua haitaki kutuachia.

Leo nilimtembelea Mama Akinyi, mgonjwa wa baridi yabisi katika utafiti wetu wa dawa mpya. Vidole vimemvimba, havikunjiki. Binti yake akatuletea ugali na omena. Kabla sijafikiri, nikamega tonge, nikalifinya, nikalichovya kwenye mchuzi, nikamtia mkononi.

Akacheka. "Daktari, na hiyo pia ni dawa? Nani alikufunza?"

"Baba yangu. Alimmegea mama hivyo mpaka siku mama alipotuacha."

Dawa yetu bado hatujui kama itasaidia. Yako naijua.

Kula vizuri, mzee wangu. Nikifika nyumbani, tonge la kwanza nitakumegea mimi.

Daktari wako