Mabua Yasiyo na Mizizi

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za majirani wote. Natumaini mwanao amepata nguvu na mjukuu ananyonya vizuri. Hapa tu wazima, kuku wako hawajapungua. Ila mimi situlii. Barua hii nimeianzia mezani, nikaiendeleza kizingitini, sasa naiandika nimesimama.

Mkutano wa wakulima ulifanyika, na mdomo wangu unaujua. Nilisimama nikasema ruzuku ya serikali inawaendea watu wanaolima kwa kalamu, huku akina mama wenye jembe wakiambiwa fungu limekwisha. Nikamtaja Bwana Miwani waziwazi, kwamba shamba lake la barabarani halijaota hata jani msimu huu, na bado hulipwa wa kwanza. Nikadai kila shamba likaguliwe, na asiye na mahindi yaliyosimama akatwe kwenye ruzuku. Watu walipiga makofi. Bwana Miwani alitabasamu tu, akasema mimi, mwandishi wao wa magazeti, nimenena kweli na yeye anaunga mkono. Hapo ningeshtuka, lakini nilikuwa nimelewa makofi.

Wakaguzi walipokuja niliwaongoza mwenyewe hadi shamba la Bwana Miwani, nikitembea mbele kama bwana harusi. Dada, shamba lilikuwa kijani. Mahindi yamesimama kwa mistari, majani yanacheza. Mkaguzi mkuu hata hakushuka garini. Alichungulia dirishani, akaniuliza kama nina matatizo ya macho. Bwana shamba wetu alikuwa akitazama viatu vyake. Fundi baiskeli, ambaye hajawahi kuniacha salama, akasema niazimwe miwani ya Bwana Miwani. Angekuwa anaambiwa mwingine, ningecheka.

Jioni nilirudi peke yangu. Majani yalikuwa yameanza kulegea. Nikashika bua moja, likachomoka kama mwiko kwenye uji. Halikuwa na mizizi. Lilikatwa kwa panga chini kabisa, likachomekwa tunduni na kumwagiwa maji. Shamba zima hivyo hivyo.

Sasa keti kwanza, dada. Uliniuliza pesa za hospitali nilizokutumia nilizipata wapi, nikajibu gazeti limenilipa. Gazeti halijanilipa. Alikuja mtu na mkokoteni, akasema anatafuta mabua mabichi ya kulisha ng'ombe. Wewe ulikuwa umeniagiza nisiguse kitu shambani. Lakini viwavi walikuwa wamekula mioyo ya mahindi yako, nikaona hayatabeba, na hospitali ilikuwa imekataa kumruhusu mwanao na kichanga chake. Nikamuuzia yote. Alisisitiza nikate chini kabisa wala nisivunje majani. Nilidhani ni mtu anayewapenda sana ng'ombe wake.

Kutoka kule barabarani wakaguzi walikuja kwetu, wakakuta mashina matupu. Wamekukata kwenye ruzuku, dada, kwa sheria niliyoipigia kelele mwenyewe. Mbolea ya msimu ujao huna. Nimejaribu kuandika makala kali kuhusu wezi wa ruzuku, lakini kila nikifika katikati nakuta panga liko mkononi mwangu.

Bwana shamba amenivuta pembeni, akanisihi ninyamaze. Msimu mwingine atakurudisha kimyakimya. Nimekataa. Atakurudisha wewe, na Bwana Miwani ataendelea kula. Kesho naenda ofisini na lile bua, niwalete wakaguzi hapa waliweke juu ya mashina yetu waone linavyooana. Itabidi niseme ni nani aliyeuza, mbele ya watu wale wale walionipigia makofi. Huenda wakakurudisha, huenda wakatuhesabu wote kundi moja la matapeli. Ningekungoja uamue wewe mwenye shamba, lakini mabua yananyauka, na yakishakauka Bwana Miwani atasingizia jua.

Msalimie mwanao, mpakate mjukuu kwa niaba yangu. Ukirudi usipitie shambani. Njoo nyumbani kwanza nikupokee mzigo, ndipo unigombeze.

Ni mimi mdogo wako,
yule unayemwita Redio.