Mawe Nyuma ya Tela

Jumanne, 25 Juni

Siku ya tatu hapa. Nimeamka ndani ya kichwa cha lori, shingo imekakamaa. Nimesukutua kwa maji ya chupa, nimewasha jiko, nimechemsha chai. Beringi ya tairi la nyuma imekufa. Tajiri, mwenye lori, anasema mpya inatoka Dar. Ametuma. Hajatuma. Sijui.

Ningelala Manyoni haya yasingenikuta. Nilishasikia tairi linalia. Lakini paking ilijaa malori mpaka getini, mlinzi akanifukuza kama mwizi. Nikasema nisogee kidogo, nitapata pa kusimama. Kidogo chenyewe ndicho hiki: kando ya lami, chini yangu bonde, mgongoni tani thelathini za saruji. Ubavu wa tela umebaki barabarani.

Wanakijiji walikuwa wanapita hapa pembeni, kwa miguu na kwa baiskeli. Sasa wanapanda kwenye lami kunizunguka. Kila anayepita, roho inaniruka.

Jumatano, 26 Juni

Matawi yameliwa tena. Pembetatu zangu za tahadhari ziliibwa zamani, kwa hiyo nakata matawi na kuyapanga nyuma ya tela, kama wafanyavyo madereva wote. Kiangazi hiki kila kitu kimekauka, kijani kilichopo chini ni hicho changu tu. Mbuzi wanakuja asubuhi, wanakula tahadhari yote, halafu wananitazama. Nimewarushia ndala.

Ni wa Mzee Ntandu, nyumba ya ng'ambo ya barabara. Nimemwendea. Shikamoo mzee, naomba uwafunge. Akacheka mpaka akakohoa. "Dereva, unawaandalia mwenyewe, halafu unawanyima?" Mzee ana maneno huyo! Akanipa dumu la maji bure. Hasira ikaniisha, nikarudi na uchovu wangu.

Alhamisi, 27 Juni

Matawi, mbuzi. Matawi, mbuzi. Nimechoka. Leo nimekusanya mawe bondeni, makubwa kama kichwa cha mtu, nimeyapanga kwenye lami kuanzia hatua thelathini nyuma mpaka kwenye tela. Mbuzi hawali mawe. Nimejiona mjanja.

Tajiri kapiga. Nivumilie. Nimemwomba gari la kunivuta. Kasema nisimwongezee gharama.

Ijumaa, 28 Juni

Mzee Ntandu ameanguka.

Jua lilikuwa linazama, linampiga machoni. Anatoka kisimani na baiskeli, madumu mawili nyuma. Mimi namenya viazi. Tairi la mbele likapanda jiwe la kwanza, akalala kwenye lami. Na basi linakuja. Dereva alikwepa, Mungu ambariki, lakini baiskeli imesagwa na mguu wa mzee umevunjika chini ya goti. Basi hilohilo limempeleka hospitali Manyoni, yeye na mkewe.

Jiwe langu. Nililiweka mimi, kwa mikono hii.

Viazi nimewapa mbuzi.

Jumamosi, 29 Juni

Askari wa barabarani alikuja asubuhi. Akauliza, mawe ya nani? Sijafungua mdomo, jamaa mmoja wa kijijini akadakia: "Afande, haya wanaachaga madereva wakishatengeneza magari yao. Yapo siku zote." Ni kweli, huwa tunayaacha. Askari akaandika hivyo. Akaniamuru nitoe gari. Nikamwonyesha tairi. Akapanda pikipiki yake akaondoka.

Nilinyamaza. Miaka ishirini na sita ya leseni, nikaogopa kuipoteza. Nina aibu hata chakula hakipiti. Nimeyabeba mawe yote, moja moja, nimeyatupa bondeni.

Jumapili, 30 Juni

Nimemwomba yule jamaa wa kijijini aniangalizie gari. Nimepanda bodaboda mpaka hospitali, machungwa kwenye mfuko.

Shikamoo mzee. Marahaba. Mguu una hogo la plasta mpaka pajani. Maneno niliyoyapanga njia nzima yamepotea. Nikasema tu: lile jiwe ni langu, na jana nimemficha askari ukweli.

"Najua ni lako," akasema. "Si nilikuona unayapanga? Nikasema, huyu dereva, mbuzi wangu wamemshinda. Ningewafunga tu." Akapokea machungwa. "Kesho shule zinafunguliwa. Watoto wetu wa kijijini watapita wapi?"

Nikitoka nimepita kituoni, nimemwambia askari ukweli wote. Leseni imebaki kwake. Nimelia juu ya bodaboda, mtu mzima na mvi zangu, kijana wa watu akajifanya hasikii.

Jumatatu, 1 Julai

Beringi haijafika. Kumekucha na upepo na baridi. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nimeshasimama nyuma ya tela, mbali kidogo, shati langu la njano mkononi. Gari likitokea napunga mpaka lipunguze. Watoto wakija nasimamisha magari, wanalizunguka lori kwa mstari. Dereva mmoja amenitukania mama yangu. Wengine wamesimama vizuri.

Kila mtoto shikamoo. Wadogo wanasema shikamoo babu. Marahaba, marahaba, mpaka koo limekauka.

Simu ya tajiri imeita wakati wanapita. Sikupokea. Wamepita wote. Nimekaa chini, mgongo kwenye tairi, shati bado mkononi. Wanatoka shule saa nane.